Programu huria za simu na video baada ya Skype: jibu kwa katibu wa ukoo

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha ukoo wetu. Wengine tuko Tanga na Mombasa, wengine Muscat na Leicester, na mdogo wangu yuko Dubai kikazi. Kwa miaka mingi tulikutana Skype kila mwisho wa mwezi, mpaka ikafungwa. Sasa tunatumia programu nyingine ya bure ambayo kila dakika 40 inatukata, tunaingia upya, wazee wanachoka. Mpwa wangu anasomea kompyuta chuoni, naye anasema tuhamie programu huria, tena tuwe na seva yetu wenyewe. Je, zipo programu huria za simu na video zinazofanya kazi kweli, hazimalizi bando, na hakuna anayetusikiliza? Na mbona mdogo wangu wa Dubai hapatikani kwa simu ya WhatsApp, ingawa ujumbe unamfikia?

Jibu:

Dada katibu, zipo, na zinafanya kazi vizuri. Kwa ukoo wenu ningeanza na mbili: Jitsi Meet kwa kikao cha mwezi, na Signal kwa simu za kila siku za mtu na mtu. Seva ya mpwa wako, yaani kompyuta yenu wenyewe ya kuunganisha simu, naiweka kando kwa sasa, na sababu nitaieleza. La Dubai ni shauri jingine kabisa, programu peke yake hailitatui. Nitalifikia mwishoni.

Tuanze na hiyo Skype, maana kifo chake kinaeleza kwa nini mpwa wako anang'ang'ania programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha programu) uko wazi kwa kila mtu. Skype ilizaliwa mwaka 2003, waanzilishi wakiwa Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na msimbo wake ukaandikwa na vijana wa Estonia. Mwaka 2005 ilinunuliwa na eBay. Mwaka 2011 Microsoft wakaichukua kwa dola bilioni 8.5, na tarehe 5 Mei 2025 wakaizima. Mwaka huohuo wa 2003, Emil Ivov, mwanafunzi wa Kibulgaria pale Strasbourg, Ufaransa, alianza kuandika programu ya simu aliyoiita SIP Communicator. Ndiyo iliyokuja kuwa Jitsi. Nayo iliuzwa mara mbili: mwaka 2015 kwa kampuni ya Atlassian, na 2018 kwa kampuni iitwayo 8x8. Kwa hiyo hizi mbili zina umri mmoja na zote zimeuzwa zaidi ya mara moja, lakini moja imekufa na nyingine iko hai. Msimbo wa Skype ulikuwa siri ya mwenye mali, hivyo alipochoka hakuna mwingine aliyeweza kuiwasha. Msimbo wa Jitsi uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuuendesha kwenye mashine yake. 8x8 wakiamka kesho waseme basi, vyuo, mashirika na watu binafsi wanaoendesha Jitsi zao wataendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo mpwa wako ana haki kabisa. Ila kuna jambo ambalo vijana wa kompyuta huliruka wanapotusifia programu hizi, nalo ndilo ningetaka ulishike: msimbo kuwa wazi ni kitu kimoja, na nani anabeba simu yenu katikati ni kitu kingine.

Mitandao ya simu kwetu huku, kama ilivyo kwingi duniani, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Simu yako ya Tanga haina anwani yake yenyewe ambayo simu ya kaka yako Mombasa ingeweza kuigonga moja kwa moja. Lazima awepo mshenga: seva ambayo simu zote mbili zinaijua, inayoziunganisha. Mara nyingine mshenga akishazikutanisha anakaa pembeni na sauti inapita moja kwa moja. Mara nyingine mtandao unakataa, na inabidi sauti yote na picha yote zipitie kwake mpaka mwisho wa mazungumzo. Na mkiwa watu kumi kwenye kikao, hakuna njia nyingine ya maana. Kila simu ikituma picha yake kwa wenzake tisa, bando na betri havifiki mbali. Badala yake kila mmoja anatuma mara moja kwa seva, na seva ndiyo inayogawa kwa wengine.

Huyo wa katikati anagharimu fedha. Signal waliwahi kuweka hesabu zao hadharani, Novemba 2023: simu za sauti na video peke yake zilikuwa zinapitisha data kama GB milioni 20 kwa mwaka, na gharama yake ilikuwa takribani dola milioni 1.7 kila mwaka. Wao ni taasisi isiyo ya faida, wanaishi kwa michango, na walianzishiwa mtaji wa dola milioni 50 mwaka 2018 na Brian Acton, mmoja wa walioanzisha WhatsApp. Jitsi ya bure iliyo wazi kwa umma, ile ya meet.jit.si, inalipiwa na 8x8, ambao wanauza huduma ya kibiashara iliyojengwa kwa msimbo huohuo. Kwa hiyo ukiambiwa programu ni huria na pia ni bure, uliza bili ya seva inakwenda kwa nani. Ikiwa jibu halieleweki, kaa mbali nayo.

Sasa twende kwenye kikao chenu. Uzuri wa Jitsi kwa wazee ni kwamba mwalikwa hahitaji akaunti, wala namba ya simu, wala kupakua chochote kama anatumia kompyuta. Anabonyeza linki, kivinjari kinamwomba ruhusa ya kutumia kamera na maiki, anakubali, ameingia. Kwenye simu ni afadhali aweke programu yake, na hiyo afanyiwe na mjukuu mara moja tu. Hakuna mkato wa dakika 40. Jambo moja limebadilika: tangu Agosti 2023, anayefungua chumba kwenye meet.jit.si lazima aingie kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub. Walifanya hivyo kwa sababu huduma ilikuwa inatumiwa vibaya na watu wasiojulikana. Linawahusu wafunguaji tu, yaani wewe katibu, na pengine mwenyekiti siku usipokuwepo. Wengine wanaingia kama walivyo.

Jina la chumba lisiwe jepesi. Mkiita chumba kwa jina la ukoo, mtu yeyote anayelijua jina hilo anaweza kulijaribu akajikuta sebuleni kwenu. Unganisha maneno matatu manne yasiyohusiana, ongeza tarakimu, na uwashe chumba cha kusubiri ili wewe ndiye unayewafungulia mlango.

Kuhusu kusikilizwa, nitakujibu bila kupamba. Mkiwa wawili tu kwenye Jitsi, kwa kawaida simu inakwenda moja kwa moja ikiwa imefungwa kwa usimbaji fiche, wa katikati hana anachokiona. Mkiwa watatu na kuendelea, sauti na picha zinasafiri zikiwa zimefungwa, lakini zinafunguliwa ndani ya seva kabla ya kugawiwa. Yaani anayeendesha seva akiamua, kiufundi anaweza kusikia. Tangu 2020 Jitsi wana swichi ya kufunga mwisho hadi mwisho, yaani hata seva isiweze kufungua, kwenye kikao cha wengi pia, lakini haikubaliwi na kila kivinjari na inaongezea kazi simu dhaifu. Kwa kikao cha michango ya arusi, ada za watoto na salamu za wagonjwa, mimi nisingehangaika nayo.

Mirathi je? Mkifika kwenye shamba na nyumba ya marehemu, na nani aandikwe kwenye hati, hamieni Signal. Huko simu zote, hata za kundi, zimefungwa mwisho hadi mwisho bila mtu kubonyeza kitu, na tangu Desemba 2021 kundi la watu 40 linaweza kukaa kwenye simu moja. Msimbo wa programu na wa seva uko wazi, na wataalamu wa nje wameuchambua miaka mingi. Utauliza kwa nini basi msitumie Signal kwa kila kitu. Kwa sababu kujiandikisha kunataka namba ya simu, na kompyuta haiingii Signal mpaka iunganishwe na simu yenye akaunti. Kama kuna bibi aliyezoea kukaa mbele ya laptopu tu, Signal itamsumbua, na Jitsi haitamsumbua. Tena kuna kasoro ya pili ambayo mpwa wako ataitaja kabla yangu: ingawa msimbo wa Signal ni huria, watumiaji wote wanapita kwenye seva za taasisi moja. Wakizima, kuwasha nyingine kunawezekana kwenye karatasi, ila hakuna jamaa yenu atakayekuwa upande wa pili kupokea. Kwa upande huo Jitsi ina nguvu zaidi. Kwa siri, Signal ina nguvu zaidi. Sijaona programu moja inayoshinda pande zote mbili bila kumtesa mzee.

Bando. Hapa watu wanatishana bure. Programu karibu zote nilizozitaja zinabeba sauti kwa kodeki (njia ya kubana sauti) huria iitwayo Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Cha kufurahisha ni kwamba nusu yake ilitoka Skype wenyewe: waliunganisha kodeki yao ya SILK na CELT ya wanaharakati wa Xiph.Org. Sauti safi ya mazungumzo inatosha kwa kilobiti 24 kwa sekunde. Ongeza anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti (kipande cha sauti kinachosafirishwa), na pakiti ni 50 kwa sekunde, unafika kama kilobiti 40 kwenda na 40 kurudi. Kwa saa nzima ni MB 36 hivi, tuseme 40. Picha ndiyo inayokula. Video ya wastani ya watu wawili, kilobiti 500 kila upande, ni kama MB 450 kwa saa, yaani mara kumi na zaidi ya sauti. Kikao cha wengi chenye kamera zote wazi kinaweza kufikisha GB nzima kwa saa kwa kila mmoja wenu.

Kwa hiyo fanyeni hivi: kamera ziwe wazi dakika za mwanzo, watu waonane, watoto waonyeshwe kwa bibi, kisha zizimwe ajenda zikianza. Kwenye Jitsi unaweza hata kutengeneza linki inayoanza kwa sauti tu. Mwisho wa linki ya chumba, bila kuacha nafasi, ongeza #config.startAudioOnly=true, halafu watumie hiyo wale wa bando dogo. Anayeingia kwa linki hiyo hapokei picha mpaka aamue mwenyewe. Kwenye Signal, mipangilio ya data na hifadhi ina sehemu ya kupunguza data wakati wa simu. Iwashe kwenye simu za wazee, mtandao ukiwa mbovu itawasaidia.

Sasa seva ya mpwa. Nampenda kijana kwa wazo hilo, na kufunga Jitsi si kazi ngumu kwa anayejua Linux: seva ya kukodi yenye Debian au Ubuntu (aina za Linux), GB 4 za kumbukumbu au 8 kwa usalama, jina la kikoa, milango ya mtandao ya 80 na 443 wazi pamoja na 10000 ya UDP, na baada ya saa moja chumba kinafunguka. Huo mlango wa UDP ndio wengi wanaousahau, kisha wanashangaa kwa nini watu wanaonana majina lakini hawasikiani. Mzigo nao si wa kutisha. Watu 20, kila mmoja akipokea megabiti 1.5 kwa sekunde, ni megabiti 30 kutoka kwenye seva, sawa na GB 13 na ushee kwa saa. Seva ndogo ya Ulaya inamudu.

Na isikupe tabu kwamba iko Ulaya. Kutoka Tanga mpaka Frankfurt ni karibu kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi za kebo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Sauti ya Tanga ikizunguka Frankfurt kurudi Mombasa inachelewa milisekunde 70 kwa uchache, na zaidi ya hapo kwa kuwa kebo zinajipinda kufuata bahari. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 mazungumzo yasiharibike, kwa hiyo nafasi bado ipo. Kama nyote mngekuwa Tanga na Mombasa ningesema seva iwe Nairobi au Dar es Salaam, hasa ukikumbuka Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikalegea. Lakini ninyi mna Leicester na Muscat pia.

Kinachonifanya niseme msubiri ni utunzaji. Seva inataka masasisho ya usalama kila mara, cheti chake kihuishwe, kikoa kilipiwe kila mwaka. Lazima mtu awe macho siku kikao kinapogoma kufunguka saa mbili usiku, na huyo mtu ni mpwa, na mpwa ana mitihani. Akihitimu na kupata kazi mbali, nani atashika nywila? Ukoo ukitaka kweli, kwanza wapatikane wawili wanaoijua seva, na bili iingie kwenye bajeti ya chama badala ya mfuko wa kijana. Vikipatikana hivyo viwili, mimi wa kwanza kuwaunga mkono, maana mkiwa na seva yenu hata lile suala la nani anaweza kusikiliza linabaki ndani ya familia. Kama hilo ni jema au baya mnajua wenyewe.

Mpwa atataja na nyingine. Jami, ya Savoir-faire Linux wa Montreal, haina seva kuu ya kubeba mazungumzo, kwa kawaida simu zinatafutana zenyewe. Jina lake wamelichukua kwenye neno letu jamii, na hata nyumba yenye Wi-Fi isiyo na intaneti watu wanaweza kupigiana humo ndani. Ila nyuma ya mitandao yetu ya simu kutafutana huko kunasuasua, na betri inalalamika, kwa hiyo wazee msiwape. Element, inayotumia itifaki (kanuni za mawasiliano) ya Matrix, inafanya kazi kama barua pepe: seva nyingi za watu tofauti zinazozungumza pamoja. Serikali ya Ufaransa ilijenga Tchap, programu ya ujumbe ya watumishi wake, juu ya itifaki hiyo mwaka 2019. Ni nzuri kwa taasisi, lakini funguo na uthibitisho wa vifaa vitawachosha wasio na subira. Linphone na Asterisk ni za ofisi yenye simu za mezani. Na kama kuna mwalimu kwenye ukoo anayefundisha mtandaoni, amwambie mpwa amwonyeshe BigBlueButton, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, mwaka 2007. Ina ubao wa kuandikia, vikundi vya wanafunzi na inaungana na Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, lakini seva yake inataka GB 16 za kumbukumbu, si mchezo.

Nimefika kwa mdogo wako. Falme za Kiarabu zinahesabu simu ya intaneti kuwa huduma ya mawasiliano inayohitaji leseni. Ndiyo maana simu za WhatsApp na FaceTime zimezuiwa huko miaka mingi, ingawa ujumbe unapita. Zinazopita ni programu zilizoruhusiwa na mamlaka yao ya mawasiliano, TDRA. Botim ndiyo wafanyakazi wengi wanaijua, na wakati wa Uviko mwaka 2020 waliruhusu pia Zoom na Microsoft Teams. Uhuria wa msimbo hauna uzito wowote mbele ya kizuizi hicho, kwa sababu mtandao unaangalia aina ya mawasiliano na hauangalii leseni ya programu. Oman nayo ina historia ya kuzuia simu za intaneti, kwa hiyo jamaa wa Muscat waijaribu linki siku mbili kabla ya kikao.

Tafadhali msimshawishi mdogo wako atumie VPN, yaani programu ya kuficha anwani ya intaneti, kwa ajili ya kikao cha ukoo. Sheria yao ya makosa ya mtandao, namba 34 ya mwaka 2021, inaweka faini ya dirham 500,000 hadi 2,000,000 kwa anayeficha anwani yake ili atende kosa au kosa lisigundulike, na viza ya kazi ndiyo riziki yake. Hata huku nyumbani mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili. Aangalie orodha ya TDRA ya programu zinazoruhusiwa, achague moja, na wewe uiweke kwenye simu yako kwa ajili yake yeye tu, hata kama si huria. Kwa kikao, atume maoni yake kwa sauti iliyorekodiwa kabla ya siku yenyewe, uicheze karibu na maiki ajenda husika ikifika. Mkimaliza, mrekodie muhtasari wa dakika tano umtumie usiku huohuo. Ni MB moja au mbili tu.